Filamu ya zamani ni shahidi: Jinsi kompyuta inavyooanisha picha mbili za kifua kimoja

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kufundishwa methali hiyo. Muulize yeyote anayevuka Kobero, Rusumo au Mutukula na mzigo wake, atakutajia magunia aliyovusha mwezi uliopita, ushuru aliolipa na wateja anaowadai. Lakini muulize mtu huyo huyo iko wapi filamu ya eksirei ya kifua aliyopigwa miaka mitatu iliyopita. Atacheka. Atakwambia watoto waliichezea, au ilizibia dirisha lililovunjika kioo, au aliiacha katika nyumba ya kupanga ng'ambo ya mpaka.

Kwa ndugu zetu waliorejea kutoka kambini hali ni hiyo hiyo. Wamerudi na mabati, baiskeli, magodoro na vyeti vya shule vya watoto. Filamu ya eksirei ni kubwa, haikunjiki vizuri na haiuziki, hivyo inakuwa ya kwanza kutupwa siku ya kufunga mizigo.

Makala haya yanaitetea filamu hiyo. Siku hizi ipo programu ya bure inayoweza kuchukua picha ya kifua chako iliyopigwa Kigoma na nyingine iliyopigwa Bujumbura au Kampala, ikaziweka moja juu ya nyingine hadi mifupa ikakaa mahali pamoja, ili daktari aone kilichobadilika. Nimeitumia, na nitaeleza inavyofanya kazi. Nitaeleza pia mahali inapoweza kumdanganya mtu, maana kazi hii ikifanywa vibaya inaweza kuuficha ugonjwa wenyewe.

Picha moja haitoshi

Ndugu msomaji, picha moja ya eksirei humwambia daktari kitu gani kipo. Haimwambii kama kitu hicho kinakua, kinapungua au kimetulia. Tuchukue mfano wa baka jeupe katika pafu. Linaweza kuwa kovu la kifua kikuu kilichopona zamani. Linaweza kuwa kifua kikuu ambacho bado kinaendelea. Linaweza pia kuwa uvimbe. Katika filamu moja, mambo haya matatu mara nyingine hufanana kama mapacha.

Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6: dawa za aina 4 kwa miezi 2 ya kwanza, halafu aina 2 kwa miezi 4 inayobaki. Mgonjwa anapona, lakini kovu linaweza kubaki kwenye pafu maisha yake yote. Mtu aliyetibiwa na kupona katika nchi moja akipigwa picha katika nchi nyingine bila filamu yake ya zamani, anaonekana kama mgonjwa mpya. Anaanza upya safari ya vipimo, na pengine dawa.

Kwa upande wa uvimbe mdogo mgumu, kwa miaka mingi madaktari wamehesabu kwamba usipobadilika kwa muda wa miaka 2, hiyo ni dalili nzuri kwamba si saratani. Lakini huwezi kusema haukubadilika kama huna cha kulinganisha nacho.

Na mabadiliko yenyewe ni madogo kwa macho. Uvimbe wa mviringo wenye kipenyo cha milimita 10 ukifika milimita 12.6, ujazo wake umeongezeka mara mbili kamili. Tofauti hiyo ya milimita 2.6 ni ndogo kuliko urefu wa punje ya mchele. Kama picha moja imepigwa kwa karibu na nyingine kwa mbali, tofauti hiyo inaweza kutoweka, au kuonekana wakati haipo.

Wanaoomba kuhamia nchi za mbali nao wanahusika. Wakimbizi na wahamiaji wanaokwenda Marekani kutoka ukanda wetu hupigwa picha ya kifua wakiwa na umri wa miaka 15 na zaidi. Uingereza nayo hutaka kipimo cha kifua kikuu kwa mtu kutoka nchi zetu anayeomba kukaa zaidi ya miezi 6. Kovu la zamani lisilo na ushahidi linaweza kuchelewesha safari.

Kwa nini picha mbili za mtu mmoja hazifanani

Mtu anaweza kujiuliza: kama kifua ni kile kile, kwa nini picha zisilingane zenyewe? Sababu ni nyingi.

Kwanza ni umbali. Picha nzuri ya kifua hupigwa mtu akiwa amesimama, mionzi ikitokea mgongoni, na mashine ikiwa umbali wa karibu mita 1.8. Mgonjwa asiyeweza kusimama hupigwa akiwa amelala, mionzi ikitokea mbele na mashine ikiwa karibu zaidi. Katika picha ya namna hiyo moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo, kama kivuli cha mkono kinavyokuwa kikubwa ukiusogeza karibu na kibatari.

Pili ni pumzi. Aliyevuta pumzi hadi mwisho huonyesha mbavu 9 au 10 za nyuma juu ya kiwambo cha tumbo. Aliyevuta nusu, mapafu yake hubanwa na kuonekana meupe hata kama ni mazima.

Tatu ni kugeuka. Mtu akisimama upande kidogo, ncha za mitulinga yake miwili hazikai tena sawasawa pande zote mbili za uti wa mgongo.

Nne, na hili ni la kwetu sisi wa mipakani, ni simu. Filamu nyingi siku hizi hupigwa picha kwa simu na kutumwa kwa daktari wa mji mwingine. Simu ikishikwa kwa pembe, filamu ya mstatili inakuwa na upande mmoja mwembamba na mwingine mpana.

Ndiyo maana kuna kazi mbili tofauti hapa, na ni vizuri tuzitenganishe. Kuoanisha ni kuziweka picha mbili katika mkao mmoja. Kulinganisha ni kutazama tofauti baada ya hapo. Hakuna kulinganisha kwa haki kabla ya kuoanisha. Muuza vitenge anaelewa jambo hili: huwezi kujua kama vipande viwili ni vya chapa moja kabla hujavilaza maua juu ya maua.

Wazo lililoanza kabla ya kompyuta

Wazo lenyewe ni la zamani. Katika miaka ya 1930 daktari wa Uholanzi, Bernard Ziedses des Plantes, alieleza namna ya kutoa picha moja kutoka nyingine kwa kutumia filamu tupu. Alipiga picha ya kwanza kabla ya kumtia mgonjwa dawa ya rangi kwenye mishipa, na ya pili baada ya dawa. Ile ya kwanza aliigeuza, nyeupe ikawa nyeusi na nyeusi ikawa nyeupe, kisha akailaza juu ya ya pili. Mifupa ilifutana, ikabaki mishipa peke yake. Sharti lilikuwa moja tu: filamu zikae sawasawa kabisa.

Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha njia ya kufanya kitu kama hicho kwa kompyuta kwenye picha za kifua za mtu mmoja zilizopigwa nyakati tofauti. Wakati huo kazi ya aina hiyo ilikuwa ya maabara kubwa. Leo inaweza kufanywa kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani katika mji wa mpakani, hata intaneti ikiwa imekatika.

Kilicholeta mageuzi hayo ni maktaba za programu. Hizi si maktaba za vitabu. Ni ghala la kanuni zilizokwisha kuandikwa, ambazo mwandishi wa programu huziita zimfanyie kazi badala ya kuanza upya. Inayojulikana zaidi kwa kazi za kuona ni OpenCV. Ilianza mwaka 1999 katika kampuni ya Intel ikiongozwa na Gary Bradski, ikaonyeshwa kwa umma mwaka 2000, na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2006. Ni bure kwa mwanafunzi, kwa hospitali na hata kwa mfanyabiashara. Wengi huitumia kupitia lugha ya Python.

Hatua kwa hatua

Nilipata sababu ya kuitumia kupitia shemeji yangu, muuza dagaa aliyeishi kambini mkoani Kigoma na kurejea mwaka 2019. Mwaka 2023 alikohoa kwa wiki tatu, akapigwa picha, na katika zahanati moja ya binafsi akaambiwa ana doa juu ya pafu la kulia. Alitakiwa atafute fedha za kwenda mji mkubwa kwa kipimo cha CT. Alikuwa tayari kuuza mtaji. Mkewe ndiye aliyekumbuka kwamba chini ya sanduku la nguo ipo filamu ya mwaka 2018.

"Shemeji, hii plastiki ina faida gani tena?" aliniuliza. Nilimwambia tuipe nafasi ya kutoa ushahidi.

Hatua ya kwanza ni kunyoosha. Filamu moja ilikuwa na sentimita 35 kwa 43, nyingine 35 kwa 35. Nilizipiga picha kwa simu zikiwa mbele ya mwanga mweupe, pembe zote nne zikionekana. Ukiipa OpenCV pembe nne na vipimo halisi vya filamu, inainyoosha ikawa mstatili kamili. Nilichagua pikseli 5 kwa kila milimita, hivyo ile kubwa ikawa na pikseli 1,750 kwa 2,150. Kuanzia hapo ningeweza kupima kitu kwenye filamu kwa milimita.

Hatua ya pili ni kutafuta alama zinazofanana. Ipo njia iitwayo ORB, iliyotangazwa mwaka 2011, na nyingine ya zamani zaidi iitwayo SIFT ya David Lowe wa Kanada, ambayo hataza yake ilimalizika mwaka 2020 na sasa ni huru. ORB isipoelekezwa vingine huchagua alama zisizozidi 500 katika kila picha, kama vile kona na mikwaruzo, kisha kila alama hutafutiwa pacha wake upande wa pili.

Jozi nyingi zinazopatikana hivyo huwa za uongo. Kwa hiyo inafuata hatua ya kuchuja, iitwayo RANSAC, iliyobuniwa na Fischler na Bolles mwaka 1981. Inafanya kama Bashingantahe wanavyosikiliza shauri. Inachukua mashahidi wachache bila kuchagua, inajenga maelezo kutokana na maneno yao, halafu inahesabu ni wangapi wengine wanakubaliana nayo. Inarudia hivyo mara nyingi. Kundi kubwa linalokubaliana ndilo linaloaminiwa, na wengine wanatolewa nje.

Mbavu zinapodanganya

Kwa picha za majengo au barabara, hatua hizo hutosha. Kwa kifua hazitoshi, na sababu yake ni mbavu. Mbavu zimepangwa kama ngazi, na ubavu wa 5 unafanana sana na wa 6. Katika filamu za shemeji yangu, programu iliishika ngazi hiyo kwa kukosea kipandio kimoja. Mashahidi wengi walikubaliana, lakini wote walikuwa wamesogea kwa ubavu mmoja. Wingi wa mashahidi hauleti ukweli kama wote wameona kitu kimoja kutoka dirisha bovu.

Dawa yake ni kumpa mtu nafasi ya kuanza. Niliziweka kwa mkono alama tatu: ncha mbili za ndani za mitulinga, na pingili moja ya uti wa mgongo iliyoonekana vizuri katika picha zote mbili. Mitulinga ni miwili tu, haina wa kufanana nayo. Kisha niliiachia OpenCV imalizie kwa njia nyingine iitwayo ECC, ya watafiti wa Ugiriki Georgios Evangelidis na Emmanouil Psarakis, iliyochapishwa mwaka 2008. Hii haitafuti alama. Inatazama picha nzima na kuisogeza kidogo kidogo hadi picha mbili zikubaliane kwa kiwango cha juu kabisa. Uzuri wake ni kwamba haisumbuliwi sana na filamu moja kuwa nyeusi kuliko nyingine. Udhaifu wake ni kwamba ikianzishwa mbali na ukweli inapotea, ndiyo maana zile alama tatu zilihitajika.

Jambo jingine la lazima lilikuwa kulifunika doa lenyewe. OpenCV inaruhusu kuziba sehemu ya picha ili isihesabiwe wakati wa kuoanisha. Doa ndilo tunalotaka kulichunguza, kwa hiyo halipaswi kushiriki katika kuamua picha zikae vipi. Mshtakiwa haketi barazani na wazee wanaoamua shauri lake. Mifupa iamue mkao, halafu doa litazamwe.

Baada ya hapo niliipa filamu ya 2018 rangi nyekundu, na ya 2023 rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani. Pale zinapokubaliana, rangi hizo hufanya kijivu. Pale zinapotofautiana, rangi moja hujitokeza. Mitulinga na uti wa mgongo vilikuwa vya kijivu. Kiwambo cha tumbo kilikuwa na ukingo wa rangi, maana mwaka 2023 shemeji alikuwa amevuta pumzi kidogo zaidi. Doa, likiwa na ukingo wake mkali, lilikuwa la kijivu.

Alichosema daktari

Tulikwenda katika hospitali ya serikali na filamu zote mbili pamoja na karatasi niliyochapisha. Daktari hakuanza na karatasi yangu. Alizitundika filamu kwenye sanduku la taa, akatazama majina na tarehe, akahesabu mbavu kwa kidole. Kisha ndipo alipochukua karatasi, akaitazama kwa muda, akasema kwamba kwa macho yake doa lilikuwepo mwaka 2018 na halikuonekana kuongezeka.

"Mzee, hili linafanana na kovu," alimwambia shemeji. "Lakini kikohozi ni cha sasa, kovu ni la zamani. Tutapima makohozi." Makohozi yalipimwa na hayakuonyesha vimelea vya kifua kikuu. Alipewa dawa ya kikohozi na tarehe ya kurudi baada ya miezi 3. Kipimo cha CT kikaahirishwa, na mtaji ukabaki sokoni.

Niseme wazi kwamba si kompyuta iliyotoa uamuzi. Filamu ya zamani ndiyo iliyoleta habari, kompyuta ikairahisisha kuonekana, daktari akaamua, na makohozi yakathibitisha. Kifua kikuu hakithibitishwi kwa picha peke yake.

Hatari ya kuvuta picha kupita kiasi

Sasa tuje kwenye onyo nililoahidi. Kuoanisha picha kuna ngazi zake. Ya chini ni kusogeza na kuzungusha tu, kama mtu anayepanga karatasi mezani. Ya kati ni kuongeza au kupunguza ukubwa wa picha nzima na kuilaza upande kwa pamoja. Ya juu ni kunyumbua, yaani kila sehemu ya picha inavutwa peke yake kama mpira, sehemu hii ikitanuliwa na ile ikibanwa.

Ngazi ya juu inavutia sana, maana picha zinalingana vizuri mno. Hapo ndipo penye mtego. Tuseme uvimbe ulikuwa na milimita 10 na sasa una 14. Programu ya kunyumbua imeamriwa ifanye picha mbili zifanane. Inauona uvimbe mkubwa, inaubana hadi milimita 10, na kutangaza kwamba kila kitu kinalingana. Imetii amri, lakini imefuta kile kile ambacho daktari alikuwa anakitafuta. Mgonjwa anarudi nyumbani na furaha isiyo na msingi.

Hii haimaanishi kwamba kunyumbua hakufai. Mapafu hupanuka na kusinyaa, na hata wale wa Chicago walihitaji kuvuta sehemu za picha. Lakini mvuto unatakiwa uwe wa taratibu, unaoenea eneo pana, usiweze kubana kitu kidogo peke yake. Pia ramani ya mvuto wenyewe inapaswa kutazamwa, kwa sababu mahali palipobanwa sana huenda ndipo palipokua. Kwa mtu asiye mtaalamu, ushauri wangu ni kuishia ngazi ya kati.

Kuna mpaka mwingine ambao programu haiwezi kuuvuka. Eksirei ni kivuli. Mwili wenye mbele na nyuma umelazwa kwenye filamu moja bapa. Mtu akiwa amegeuka upande katika picha ya pili, hakuna kuvuta kutakakomrudisha, kama ambavyo huwezi kuugeuza mti kwa kukivuta kivuli chake. Hapo jibu ni kupiga picha nyingine.

Kwa picha za CT na MRI hesabu ni nyingine tena, maana mfupa unaong'aa kwenye CT huwa mweusi kwenye MRI. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti wa Marekani na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba picha za aina mbili zinaweza kuoanishwa kwa kutazama ni kiasi gani moja inasaidia kuikisia nyingine. Njia hiyo imo katika maktaba nyingine ya bure, ITK, iliyoanza mwaka 1999 kwa fedha za Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. OpenCV haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na anayetaka kuifanya aende kwenye chombo kinachofaa.

Mambo ya kufanya wewe msomaji

Huhitaji kujua Python ili ufaidike. Unahitaji kutunza na kubeba. Filamu iwekwe ndani ya bahasha yake, isimame au ilale bila kukunjwa, mbali na jua na paa linalovuja. Mzigo ukifungwa, ikae katikati ya mabati mawili au chini ya godoro.

Ukiipiga picha kwa simu, zima taa za chumba, iweke mbele ya kioo cha dirisha chenye mwanga mweupe au mbele ya skrini nyeupe ya kompyuta. Usitumie mwako wa simu. Simama sawa, pembe zote nne zionekane. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama waraka na si kama picha, kwa sababu picha hupunguzwa ubora njiani. Na kumbuka filamu ina jina lako, hivyo usiitume kwenye kundi la wafanyabiashara wenzako.

Hakikisha upande. Katika hospitali zinazotumia Kiingereza utaona herufi R kwa kulia na L kwa kushoto. Katika zinazotumia Kifaransa utaona D kwa kulia na G kwa kushoto. Anayevuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine aandike maana yake nyuma ya bahasha. Filamu ni ya kupenyeza mwanga, ikitundikwa kinyume moyo unahamia kulia, na doa la kulia linakuwa la kushoto.

Tazama pia tarehe na jina. Wengi wetu majina yetu yameandikwa kwa namna moja kambini na kwa namna nyingine nyumbani. Daktari asiyeamini kwamba filamu ni yako hawezi kuitumia. Ibebe pamoja na kadi ya hospitali ya wakati huo.

Kama hospitali inapiga picha za kidijitali, omba upewe kwenye diski au flashi katika mfumo wa DICOM, ambao ndio mfumo wa kimataifa wa picha za tiba. Picha ya DICOM ya eksirei huwa na ngazi za kijivu zinazofika maelfu, wakati ile ya simu ina 256 tu. Pia ndani yake hukaa jina na tarehe. Nakili yaliyomo kwenye diski mahali pengine mapema, kwa sababu kompyuta nyingi za sasa hazina hata mlango wa diski.

Kwa vijana wetu waliorudi na ujuzi wa kompyuta, hapa pana kazi. Kunyoosha filamu, kuzioanisha kwa mifupa, kufunika doa, kuandika wazi ni ngazi gani ya kuvuta imetumika, kisha kumkabidhi daktari pamoja na picha ambazo hazijaguswa. Huo ni utaratibu unaoweza kufundishwa, na vifaa vyake ni bure. Kisichopatikana bure ni filamu ya zamani. Mzigo uliopotea mpakani unaweza kununuliwa tena, lakini kifua cha mwaka 2018 hakuna mashine itakayokipiga picha leo.